Vituo Saba

Hatukwenda mbali. Vituo saba vya tramu,
mto Torrens ukapita chini yetu mara moja,
kisha miguu, Corin akiburuta begi la gurudumu bovu
likilalama jiwe kwa jiwe
kana kwamba tunahama nchi.

Ufunguo, aliandika Bibi Gerlinde,
uko chini ya chungu cha mnanaa.
Si cha kwanza. Cha pili, chenye ufa.
Mlango ulichongwa 1878 kwa ajili ya mtunza bustani
ambaye, ni wazi, hakutarajia wageni warefu.
Corin aliinama akiingia. Akasahau akitoka.
Nilicheka hadi nikakaa kizingitini,
kicheko ambacho tangu mapacha wazaliwe
nilidhani kimehama bila kuaga.

Kuta za mawe ya buluu, nene
kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidole;
simu humu ndani ni kioo tu.
Kitanda cha chuma hulia ukijigeuza.
Mbea huyu, alisema Corin, atatutangaza mtaa mzima.

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Yetu, miaka minne sasa, yalikuwa kikohozi kweli:
cha mtoto, saa nane za usiku,
na mmoja wetu akimsukuma mwenzake kwa kisigino,
zamu yako.

Tulipanga kuzungumza mambo makubwa.
Tulizungumza bomba la jikoni linalovuja.
Halafu tukanyamaza, na ukimya haukudai kitu.
Juu ya mtini kitu chenye mkia kilikuwa kikila
tini tulizoahidiwa katika tangazo,
kikitupa maganda juu ya meza yetu
kama mwenye nyumba.
Corin aliokota moja iliyosalimika,
akaipasua kwa kidole gumba,
akanipa upande mkubwa
bila kuangalia upi ni upi.

Nikala na ganda lake.

Asubuhi, kitabu cha wageni.
*Mmetoka wapi?* Osaka, waliandika waliotutangulia.
Bergen. Valparaiso, kwa wino wa kijani.
Corin alishika kalamu akiona haya:
paa letu lingeonekana toka mnara wa kanisa lile,
na nguo za watoto kambani.

Nikamnyang'anya. Nikaandika: *Mbali.*

Akaguna, akabeba begi,
akatoka bila kuinama.