Upindo wa Vidole Vitatu

Daftari langu lilikufa Novemba,
bati la Uhuru Market lilipotoboka juu ya rafu.
Wino ukatembea usiku kucha:
kifua cha Wekesa kikaingia kiunoni mwa Moraa,
mabega ya mapacha wa Kanyi yakawa dimbwi moja la bluu,
na madeni, loo, madeni yote yakatakata
kama watu waliotoka kubatizwa.

Mimi sina shule ya kompyuta.
Nina cherehani, utepe wa kupimia,
na mguu wa kulia uliokanyaga pedali miaka kumi na tisa.
Kendagor, jirani yangu wa vifungo na zipu, akasema:
siku hizi programu ya simu haiandikwi, Mbithe, inaunganishwa.
Weka majina kwenye jedwali huko mtandaoni,
mistari na safu, basi,
simu itajishonea yenyewe.
Nikamwambia nguo haijishonei.
Akacheka, akaninunulia bando ya shilingi hamsini.

Usiku wa kwanza niliandika vichwa vya safu:
Jina. Shule. Bega. Kifua. Kiuno. Sketi au kaptula. Salio.
Wakanipa kiolezo cha duka la maua.
Nikakifumua mshono kwa mshono:
palipokuwa na waridi nikaweka sweta ya kijani,
palipoandikwa Harufu nikaandika Kola.
Hakuna msimbo, hakuna mabano,
hakuna ile lugha ya vijana wa Kilimani
wanaokunywa kahawa ya mia nne.
Kubonyeza, kuburuta, kuachilia.
Mbona hii ni kazi yangu?
Kubandika mfuko mahali pake,
kurudi nyuma hatua mbili, kutazama,
kuubandua.

Usiku wa tatu programu ikasimama kwa miguu yake.
Ukigusa Moraa, Moraa anatokea,
mzima, mkavu, kiuno inchi ishirini na mbili.
Nilimgusa mara nane.

Kisha nikafika mahali pa ujumbe.
Kama salio si sifuri, na kama nguo imeshonwa,
mwambie mzazi: Sare yako iko tayari. Leta salio.
Zile kama mbili sikuzifunga vizuri.
Uzi usiopigwa fundo.
Tarehe tatu Januari, saa kumi na moja alfajiri,
simu mia mbili na kumi na nne zikalia pamoja,
Makadara, Maringo, Mbotela, hadi Donholm.

Kufika saa mbili, foleni ilikuwa kwa muuza sambusa.
Sare zilizokuwa tayari ni tisa.
Nikapanda stuli nikasema ukweli,
ukweli wa fundi, ule wenye kesho ndani yake.
Wakaguna. Mmoja akaniita mwizi wa mtandao.
Wengi, ajabu, wakalipa,
maana nauli ilikuwa imeshatoka.

Nyuma kabisa alisimama Mama Fidelis wa Mbotela.
Jedwali lilisema: salio, sifuri.
Mwanawe alimaliza shule mwaka juzi, yuko Kitale.
Nikamwambia, mama, ni kosa la simu, niwie radhi.
Najua, akasema. Nilisoma tu nikajua.
Lakini ni zamani
tangu mtu aniambie kitu changu kiko tayari.

Nikampa stuli ile ile.
Alinishonea vifungo mpaka taa zikawashwa.

Zile kama nimeshazifunga, fundo mara mbili.
Programu inatembea vyema; Kendagor anaisifu kwa wateja
kana kwamba yeye ndiye aliyeikata.
Ila bado kuna kitu sijakipatia safu:
vidole vitatu vya kitambaa
ninavyovikunja ndani ya kila sketi, kila kaptula,
kwa kuwa kipimo ni cha leo
na mtoto ni wa mwaka kesho.

Mstari wa Fidelis sijaufuta.
Kendagor anasema unachukua nafasi bure.
Upindo nao, namjibu,
na kanyagio inaendelea.