Kumbe

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa maktaba, chuoni Nizwa,
juu ya lile la masomo ya udereva:
shindano la insha, wanafunzi wa shahada ya kwanza,
mada Maji,
maneno elfu moja, yasizidi,
Kiarabu au Kiingereza.
Kwenye fomu, penye lugha ya nyumbani, visanduku vitatu.
Nikatia alama kwenye "Nyingine".

Mimi ni wa uhandisi, mwaka wa tatu.
Maji nayajua kwa kipenyo cha bomba, kwa mita za ujazo.
Bushra, tunayelala naye chumba kimoja, akasema:
"Andika falaji. Wote wataandika falaji, lakini andika."
Nikaandika falaji.
Saa saba za usiku nikaifuta, kiyoyozi kikikohoa,
maana ilikuwa falaji ya kwenye kadi za watalii.
Hakuna aliyelowa.

Nikaandika nyumba yetu ya Mabela.

Bili ya maji ilipanda miezi mitano.
Baba akatugombeza: kuoga, kufua, hata kusukutua.
Mama akatandaza risiti mezani, akazihesabu kwa Kiswahili;
kwa Kiarabu, anasema, namba zinamkimbia.
Kisha Julai, jua linabambua rangi ya mageti,
mndimu wa jirani ukachanua.
Mndimu ule tu, mtaa mzima.
Baba akautazama siku mbili juu ya ukuta.
Siku ya tatu akachukua sepeto.
Akalikuta bomba letu limepasuka,
na mizizi imelikumbatia
kama mtoto na chupa ya maziwa.
Akasimama, ndala zimelowa, akasema:
"Kumbe."
Basi. Hakuongeza la pili.
Na bomba hakuliziba mpaka ndimu zilipoiva.

Hapo ndipo Kiarabu changu kilipokwama.
Nilijaribu maneno matatu.
Yote yalitoka yamenyooka mno, kama kanzu kwa dobi;
hakuna lililokuwa na tope.
Kumbe si "nimegundua": anayegundua alikuwa akitafuta.
Kumbe si "ajabu": ajabu hukaa mbali.
Kumbe ni mlango uliokuwa wazi
nawe umebisha hodi mwaka mzima.

Nikaliacha lilivyo, kwa herufi za Kiarabu.
Ile e ya mwisho haina herufi yake, nikaazima yee,
likasomeka kumbi, kama kumbi la nazi.
Nikatuma.

Wiki sita.
Ukumbini wakatangaza: wa kwanza, kijana wa sheria, falaji.
Wa pili, falaji.
Wa tatu, binti wa Sur, ndoo ya mama yake,
tukampigia makofi ya kweli.
Mimi nikapewa cheti cha kushiriki.
Ghaniya wameandika Ghalia.
Na insha yangu, ndani ya bahasha.

Ukurasa wa tatu, neno limezungushiwa wino mwekundu,
pembeni alama ya kuuliza, nene, yenye haraka.
Chini yake, mkono mwingine, penseli hafifu,
herufi za Kilatini za mtu aliyesomea mbali na hapa:

"Bibi yangu wa Tabora alikuwa akilisema.
Miaka thelathini sijalisikia.
Kanuni haziniruhusu kulipa alama.
Nimelisoma kwa sauti, mara mbili,
mlango nimeufunga."

Hapakuwa na jina. Majaji walikuwa watano,
wote wamevaa vilemba, wote wanakula sambusa,
nikawatazama vinywa mmoja mmoja.

Nikatoka nje, kwenye moto wa maegesho,
nikampigia baba, nikamsomea ile penseli.
Akanyamaza.
Nyuma yake nilisikia bomba la uani liko wazi,
yeye aliyetugombeza kusukutua,
maji yanakwenda, yanakwenda,
wala hakuondoka kulifunga.