Karatasi ya Chini

Jumanne nilikoroga uji wa muhogo, si wa kunywa,
wa kugundishia. Ukashika mabonge.
Nikauacha na mabonge yake.

Ubao ulikuwa mlango wa jiko la mama kule Maseno.
Una tundu la komeo mpaka leo
na moshi uliopanda kama mtu anayepapasa dari.
Nikabandika mabaki ya Rispa, fundi cherehani:
pindo za sare za shule, kijani, kijani, tena kijani,
kisha magamba ya mbuta, niliyoyaosha mara tatu
na bado majirani wakauliza nani anapika.

Usiku ule gundi ilikataa.
Magamba yakadondoka, tik,
kimya,
tik,
nikalala nikiyahesabu kama deni la mtu mwingine.
Asubuhi yaliyosalia yalikuwa yamesogea upande mmoja
yakilikwepa tundu la komeo.
Nani alichora pale? Si mimi.
Mimi nilikuwa nimelala.

Wiki tatu nilikaa hivyo, bandika bandua,
mpira wa ndani wa baiskeli, nyuzi za magugu maji,
risiti ya dawa za mama iliyofifia hadi ikabaki tarehe.
Nilichopachika mchana nilikichubua usiku
na chini yake nikakuta rangi ambayo sikuipaka.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema.
Changu kimetoboka,
na mimi naupenda mlio wake kikivuja.

Akoko wa chumba cha pili, miaka sita, kamasi juu ya mdomo,
alisimama mlangoni kila jioni.
"Imeisha?"
"Bado."
Siku moja akachomeka kidole kwenye plasta mbichi.
"Na sasa?"
Nikakitazama kile kishimo.
"Sasa ndiyo inaanza."

Kisha akaja Bwana Lumadede wa hoteli ya Milimani
na futi ya chuma mfukoni.
Hakutazama. Alipima.
Ijumaa iwe tayari, akasema, ukuta umeshapakwa rangi,
akaniachia nusu ya pesa juu ya sufuria.
Sitadanganya: nilizihesabu mara mbili.
Kodi ilikuwa ya miezi miwili. Makaa nilikopa kwa mama Akoko.

Nikaumaliza ubao.
Walevi wa hapa wakishikana mashati
husema vivyo hivyo: nitakumaliza.
Nikaumaliza kwa vanishi, mikono miwili ya vanishi,
na wao wakaongeza kioo.

Nilikwenda kuutazama, mwezi wa pili.
Askari alinipitishia mlango wa jikoni.
Uling'aa. Haukunuka chochote.
Chini yake mgeni alikula mnofu wa mbuta, laini, bila mwiba,
na mimi nikajua mifupa ya samaki yule imekwenda wapi:
Obunga, kwenye karai la mafuta,
mgongo wazi, unaouzwa kwa wanaojua kufyonza.
Nikatafuta kishimo cha Akoko.
Fremu ilikuwa imekilalia.

Nyumbani, sakafuni, ilibaki karatasi ya chini,
mifuko ya unga niliyoipasua na kuitandika
ili saruji ya mwenye nyumba isichafuke.
Matone yote yako humo. Mikato ya kisu iliyopita kiasi.
Duara la kikombe cha chai. Hesabu ya kodi, imekosewa.
Unyayo mdogo wa kijani ukielekea mlangoni,
na gamba moja, lile la tik ya kwanza labda,
limeshika kwa nguvu pale ambapo
sikuwahi kupaka gundi.

Rispa anasema itie fremu hii, wajinga ni wengi.
Nimeitia kwenye beseni la maji.

Inaanza kulegea, tabaka moja likiliaga jingine.
Akoko amekuja, anavuta kamasi, anataka kuuliza.
Shika pembe hiyo, nami nishike hii.
Usivute bado.
Sikiliza kwanza inavyoachia.