Rangi ya Kunde

Gari liliingia Umoja juu ya mkokoteni,
bila injini, bila haya,
ganda tupu la faibaglasi, jeupe kama jino la bandia,
na watoto wa ploti wakauliza ni mashua au ni bafu.
Nikasema ni gari. Wakacheka. Nikacheka nao;
mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Faibaglasi haishiki kutu, niliambiwa,
wala haibonyei. Kweli.
Lakini ina siri zake.
Chini ya ule weupe mna vitundu kama vya sindano,
mna nta ya kalibu isiyotaka kusikia habari za rangi,
mna mshono ubavuni, pale nusu mbili zilipokutana
bila kupendana.

Basi nta kwanza: sabuni, tina, kitambaa safi,
kisha kitambaa kingine, maana cha kwanza kilinidanganya.
Halafu msasa. Namba themanini, mia na themanini, mia tatu na ishirini.
Wiki ya tatu nilijikuna usingizini
mpaka Mumbua akahamia kochini na mto wake.
Vile vinyuzi havionekani;
huingia kwenye kola, kwenye kope, kwenye ugali.
"Oga maji baridi," alinionya Gitonga muuza rangi,
"ya moto hufungua ngozi, ukawakaribisha sebuleni."
Maji yenyewe, Umoja, huja Jumanne.

Vumbi likapanda ukuta, likatua kwenye kamba ya Wanza,
mashuka kumi na mawili ya watu, ya kulipwa.
Akaja na moja begani kama wakili na faili.
Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi.
Yote yaliniponyoka,
kwa sababu kabla hajanifokea
aliweka kiganja juu ya boneti,
kiganja cha miaka ishirini ya pasi ya makaa,
akakipitisha polepole, macho kayaelekeza mawinguni,
akasema: "Hapa pana mkunjo."

Sikuuona. Nikapuliza weusi mwepesi, nikasugua kwa ubao,
na pale alipogusa weusi ukabaki,
ziwa dogo, refu kama dole gumba.
Nikajaza puti. Akarudi. "Bado."
Nikajaza. "Bado kidogo."
Tangu hapo mashuka yake niliyaanua mimi
kabla sijashika msasa,
na boneti akaipiga pasi yeye, kwa mkono mtupu.

Rangi niliifuata Barabara ya Kirinyaga
na jani la kunde mfukoni, changa, la asubuhi ile.
Nilipofika lilikuwa limenyauka.
Gitonga akalitazama, akachanganya alichokiona,
wala si nilichokichuma.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, upepo haujaamka.
Nikamwaga maji uani kulaza vumbi, ndoo mbili za Jumanne.
Nikafunga turubai, nikavaa barakoa.
Kompresa ikakohoa, ikashika.
Mkono wa kwanza, mwembamba kama pumzi kwenye kioo.
Mkono wa pili.
Mlango wa kushoto ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kung'aa
stima ikapotea.

Umewahi kusimama na bunduki ya rangi iliyokata roho,
ukingo ukikauka mbele yako,
na mtaa mzima, gizani, ukisema "aaah!" kwa sauti moja?

Ilirudi saa tatu. Mlango una mpaka:
upande huu kunde mbichi kidogo,
upande ule kunde za jana.
Nitausugua tena, sijui lini.
Na juu ya taa ya kulia kuna mbu,
miguu sita kaitandaza, chini ya vanishi.
Gitonga anasema nimtoe kwa sindano.

Jana Wanza alipitisha kiganja, kikasimama papo hapo.
"Na hapa je?"
"Hapo pana mtu," nikasema.
Akacheka, akaenda kuanua mashuka yake mwenyewe.