Maneno Mawili ya Ukuta

Jumanne na Alhamisi, saa moja ya usiku,
walinijia kwenye skrini, kila mtu na kisanduku chake:
Štefica muuguzi, alama ya barakoa bado shavuni;
Tihomir mwashi, kucha nyeupe kwa chokaa;
ndugu wawili wa kina Brkić, wakigombania kiti kimoja;
mzee Hrvoje, anayejifunza, asema,
ili amtukane mkwewe wa Stuttgart bila mkalimani;
na Ljerka, ambaye hakuwa uso.
Alikuwa duara la kijivu lenye herufi moja.

Niliwafundisha Kijerumani. Tusidanganyane:
niliwafundisha kuondoka.
Kila kitenzi nilichowapa kilikuwa nauli.

Mwaka ule wa ugonjwa nilijaribu kila kitu.
Nilivaa kofia. Nilipika supu mbele ya kamera
nikitaja karoti, kitunguu, kiazi, kiazi, kiazi.
Wakapiga miayo kwa adabu,
kamera zikazimika moja moja
kama madirisha ya mtaa watu wanapokwenda kulala.
Duara la kijivu halikukohoa hata siku moja.

Kisha, siku nne baada ya Krismasi, mchana,
ardhi ikaukung'uta mji wetu wa kando ya mto Kupa
kama mtu akung'utavyo kitambaa cha meza,
na makombo tukawa sisi.

Alhamisi, mkesha wa mwaka mpya,
niliingia darasani nikiwa ndani ya gari,
kompyuta imeegemea usukani,
koti la mume wangu mabegani, vioo vimeganda kwa pumzi yangu.
Nilijiambia, hatakuja mtu.
Wakaja wote.
Kila mmoja ndani ya gari lake, chini ya kitaa cha dari.

Somo nililoandaa lilikuwa la hotelini:
jinsi ya kuomba chumba kinachotazama ziwa.
Nikalifunga.
Nikauliza: Nini kimeanguka?

Hapo ndipo walipozungumza!
Sarufi ilibomoka nayo, nani alijali;
vigae, rafu, jiko la bibi, mnara wa kanisa,
mitungi thelathini ya achari, alisema Štefica,
akacheka, akalia, akauliza achari ni jinsia gani.

Tihomir akasema: "Ukuta."
Nikamwambia, Kijerumani kina maneno mawili.
*Wand* ni ule wa ndani, unaotundikwa picha.
*Mauer* ni ule wa nje, unaozuia upepo.
Wako ni upi?
Akageuza simu kuelekea kioo cha gari:
kitanda, kabati, kalenda ya Desemba,
vyote wazi, vikitazama barabara.
"Mwalimu, wangu ulikuwa maneno yote mawili."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo;
ila kuna siku ufa na ukuta hufika pamoja
na hakuna anayepiga hodi.

Ndipo duara la kijivu likawaka.
Giza kwanza. Mvuke wa pumzi. Kisha sauti
ambayo sikuijua, nene kuliko nilivyodhani:
"Dohani yetu... haijaanguka."
Alitumia kitenzi kisaidizi kisichostahili.
Miaka ishirini na miwili ya kalamu nyekundu
ikaniwasha vidoleni.
Nikaikalia mikono yangu.

Hrvoje akapiga honi kumpongeza.
Niliisikia mara mbili,
kwenye kompyuta, na nje, nyuma ya ghala la mbao:
muda wote mzee alikuwa ameegesha mtaa wangu.

Sasa ni Aprili, tuna kontena, ubao, viti vya kukunja.
Štefica yuko Graz; hutuma sauti usiku wa manane
akiuliza mgonjwa huambiwaje "pole".
Ljerka hukaa karibu na mlango, hajavua koti.

Ardhi ikitikisika, chaki hubingirika,
nasi huhesabu kwa Kijerumani hadi itulie.
Jana tulifika mbali, nikakosea kumi na saba.
Ljerka akanisahihisha.