Kopo la Kahawa

Mama, nimemwaga kopo lako mezani,
juu ya kitambaa ulichofuma mwaka wa kipaimara changu,
vidonge vikatawanyika kama mahindi ya kuku.
Kimoja kimeviringika hadi chini ya kabati.
Kiache, umesema, hicho ni cha magoti.

Unavijua kwa rangi. Cheupe, presha.
Cha njano, kilichokatwa kwa kisu cha ndizi, sukari.
Kirefu ni "cha yule daktari mwenye kipara".
Kisha cheupe kikaja cha pinki, kiwanda kingine,
ukakaa wiki tatu hukimezi,
ukingoja cheupe chako kirudi
kama mtoto aliyekwenda Dar.
Na pale walipoandika 1×2
wewe ulisoma: kimoja, kwa siku mbili.

Kuna piriton ya mafua ya Julai,
bado unaimeza usiku, ina usingizi mtamu,
na asubuhi ukuta unakuja kukusalimu.
Kuna chupa ya soda, maji machungu ya mizizi
aliyokuletea Manka kutoka soko la Himo.
Daktari hukumwambia.
Hakuuliza, unasema,
na mtu haaniki tumbo lake kwa mgeni.

Jumatano ile ulianguka kwenye mfereji
na mzigo wa majani ya ng'ombe.
Eliamringi aliiona kanga kwanza, inaelea,
halafu wewe, umeketi ndani ya maji,
unamwuliza kama leo ni Krismasi.
Kanisani wakasema ni uzee.
Shangazi akasema kuna mkono wa mtu.
Nami, kwenye simu, Arusha, nikamcheka shangazi.

Leo yule binti wa dirisha la dawa pale Mawenzi
hakuwa na haraka.
Akasoma boksi la hospitali. Akasoma boksi la bluu,
zuri, la bei. Akarudia kusoma.
Akauliza kwa sauti ndogo: hili nani alinunua?

La bluu ni langu, Mama.
Kila mwisho wa mwezi, duka la dawa la Kaloleni,
kisha mkononi mwa kondakta, na elfu kumi ya nyama.
Majina mawili, akasema, dawa moja.
Kama wewe: Ndeonasia nyumbani, Rebeka kanisani,
na anayeanguka ni mmoja.

Kila asubuhi ulimeza ya serikali,
ukatulia kidogo,
ukameza ya mwanao.

Shangazi hakukosea sana.
Mkono wa mtu ulikuwepo.

Isale imeota pale mpakani, nimeipita mara mbili
bila kukata jani.
Mtu anaombaje radhi kwa kupenda?
Badala yake nimechora nyuma ya kalenda ya usharika
jua, na chini yake vidonge viwili,
mwezi, na chini yake kimoja.
Umeitazama mpaka chai ikapoa.
Na cha kwako, umeuliza, nakiweka wapi?

Sikujibu. Ukalifunga boksi la bluu kwa uzi wa kufumia,
ukalilaza chini kabisa ya kopo
ulipoficha pete ya Baba.

Sasa ni saa nane za usiku, mbwa wa Kibosho wamenyamaza.
Nimesimama gizani, bila viatu,
naiba zawadi yangu mwenyewe.