Shika Hapohapo

Baba alikuwa na redio ya betri nne
na waya wa shaba alioufunga kwenye mlanzi nyuma ya jiko.
Makete, mwezi wa saba, sakitu imelala juu ya viazi,
nami nimetumwa nje kuushika waya.
"Sogeza. Rudi. Hapo! Shika hapohapo!"
Nikiuachia, sauti inageuka mchanga.
Nikiushika, mtangazaji anasoma majina ya waliofariki,
ukoo kwa ukoo, taratibu,
vidole vyangu vinakufa ganzi
hadi baba aseme: "Hatumo. Ingia uote moto."

Hayo hayamo kwenye wasifu wangu.
Wasifu unasema: Tweve, Enelika. Antena na mawimbi.
Makala thelathini na moja.
Hausemi mashine yetu ya kupimia ilikaa bandarini miezi kumi na moja
ikisubiri mhuri, na ilipofika Iyunga
panya wa stoo ndio waliotangulia kuisoma.
Haumtaji mhakiki wa pili, yule asiye na jina,
aliyeandika: "Mvua ya kiasi hiki haiaminiki."
Nilitamani nimtumie Tukuyu kwenye bahasha.

Nilikosomea kuna chumba kisicho na mwangwi,
kuta zimevaa miiba ya sifongo,
mlango mzito kama wa benki.
Humo hakipenyi kitu: si redio, si simu, si salamu.
Saa nne nzima niliizungusha antena, nyuzi mbili, nyuzi mbili,
nikisikia damu yangu ikitembea masikioni.
Nilipotoka, simu ilitetemeka mara tisa.
Ujumbe wa kwanza: baba kazidiwa.
Wa mwisho ulikuwa wa kaka: tukusubiri, au tuzike?

Grafu ya siku ile ni safi kuliko zote nilizowahi kuchora.
Imo kwenye tasnifu, sura ya tano.

Juzi tulipanda Loleza na wanafunzi,
ukungu ukipanda nasi, ukilowesha madaftari.
Namba ziligoma.
Gwamaka akaushika mlingoti ili aukaze upya,
kiwango kikapanda desibeli sita.
Akaachia, kikaporomoka.
"Ni kosa, dokta," wakasema.
"Mwili wake umeingia kwenye kipimo. Tufute."
Hawakukosea. Ni mimi niliyewafundisha:
mtu asimame mbali, mtu ni doa kwenye data.

Huko chini Mwanjelwa ilikuwa imeanza kuwasha taa,
na yule kijana ananitazama, mikono kaificha kwapani kwa baridi.

"Rudi ulipokuwa," nikamwambia. "Shika hapohapo."
"Tuandike nini, dokta?"

Nikainamisha kichwa
kama mtu anayesubiri majina.